Sema Macho

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya mkono wa kulia wa baba mkwe wangu. Chini ya mikono yetu vilikuwa vishikio vya injini, na mbele ya pua ya ndege, katikati kabisa ya njia ya kutua, trekta la kukata nyasi lilikuwa linavuka bila haraka, kama ng'ombe aliyeshiba. Mimi nilikuwa nasukuma. Yeye alikuwa anazuia. Ng'ambo ya pazia, nyuma ya abiria, vifaranga waliopakiwa katika maboksi yenye matundu walikuwa wanalia kwa sauti moja nyembamba isiyokatika.

Kwa miaka yote niliyokula mezani kwake sikuwahi kuugusa mkono ule isipokuwa kwa salamu. Ulikuwa mkavu na mgumu, na nilisikia mifupa yake ikinikatalia.

"Yangu!" nilisema.

Hakujibu.

Neno hilo lina sheria yake katika kazi yetu. Rubani anayechukua ndege husema "Yangu." Anayeiacha hujibu "Yako," kisha huondoa mikono. Jibu lisipotoka, ndege inabaki na mabwana wawili, na ndege yenye mabwana wawili ni sawa na isiyo na hata mmoja.

Trekta hilo nitalirudia. Limekaa kichwani mwangu tangu ujana, na halijawahi kumaliza kuvuka.

Mimi sikusoma mchana. Mchana nilipakia mizigo katika uwanja mdogo wa ndege, na jioni nilikwenda darasa la watu wazima, kwenye chumba chenye madawati ya watoto, magoti yakigonga ubao kwa chini. Pale nilijifunza hesabu za pembe, ramani, hali ya hewa, na Kiingereza cha kutosha kusoma kitabu cha injini bila kumwomba mtu tafsiri. Wapakiaji wenzangu walinipa jina. "Bwana Vitabu," walisema, "hivyo vitabu ukivimaliza utaota mabawa?" Jibu nililiweka akiba.

Aliyenikuta nikisoma chini ya bawa la ndege, wakati tunasubiri mzigo, alikuwa kapteni mwenyewe, baba mkwe wangu wa baadaye. Wote walimwita Mzee Mahali Pake, kwa ajili ya msemo wake: kila kitu mahali pake. Alikichukua kile kitabu, akaniuliza kwa nini ndege huruka ikiukabili upepo badala ya kuupa mgongo. Nilimweleza. Akanirudishia kitabu kikiwa wazi kwenye ukurasa uleule.

"Endelea," akasema.

Kwa udhamini wake niliingia chuo cha urubani nikiwa mtu mzima mwenye ndevu, katikati ya vijana wa shule za mchana. Nilipotoka nikawa rubani msaidizi wake. Baadaye nikamwoa binti yake, tukapewa nyumba ndogo ya uani. Siku ya harusi fundi wa ndege zetu, mtu wa maneno tuliyemwita Grisi, alisimama mbele za watu akasema: "Bwana harusi, usijidanganye. Hukuoa binti, umeoa ndege, na mahari utalipa kwa masikio." Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na mimi nikiwemo.

Lakini alikuwa amesema kweli. Niliamka katika nyumba ya mzee, nikanywa chai kwenye meza ya mzee, nikapanda gari la mzee, nikaketi kuume kwake ndani ya ndege. Jioni njia ikawa ileile kinyumenyume. Nikigeuka huku, yeye. Nikigeuka kule, kitu chake. Sikulalamika. Kasuku wa tunduni naye hulishwa vizuri.

Ndani ya ndege alinichorea mpaka tangu siku ya kwanza. "Humu mimi ni Kapteni," aliniambia. "Baba tumemwacha mezani na kikombe chake."

Kikombe hicho nacho kilikuwa na mahali pake: kona ya kulia ya meza, mshikio ukimwelekea. Mke wangu alikuwa anakiweka pale tangu alipokuwa msichana mdogo, bila hata kutazama. Mgeni akikisogeza kidogo tu, nyumba nzima ilisikia.

Alinifundisha kutua kwa kioo cha kunyolea. Kilikuwa cha duara, ukubwa wa kiganja, naye alikifunga kwa waya kwenye nguzo iliyogawanya vioo vya mbele vya ndege, akakielekeza usoni kwangu. Mwanzoni nilidhani ni dharau. Tukiwa tunashuka nilitegemea atazame ardhi, au mikono yangu. Yeye alitazama kioo. Alikuwa anayafuata macho yangu.

"Umekwama," angesema.

"Wapi, Kapteni?"

"Kwenye kipimo cha mwendo. Unakitazama kama unataka kukiposa. Tazama, shukuru, ondoka."

Alisema macho ya mwanagenzi ni nzi kwenye asali: yakitua, yananasa. Macho ya mzoefu ni nyuki. Yanagusa, yanachukua kinachohitajika, yanahama, na yatarudi tena kabla ua halijaacha kutikisika. Na ndege ikishakaribia ardhi kabisa, alisema, usitazame pale unapotaka kukanyaga. Inua macho hadi mwisho wa njia, uyaache hapo. "Kimo chako cha mwisho hakionekani kwa katikati ya jicho," alinirudia mara nyingi mpaka nikaota maneno hayo. "Kinaonekana kwa pembe. Nyasi za kando zikipanda, zitakuambia."

Ili kuninasua, alinitungia zoezi. Kila mahali jicho linapotua, mdomo upataje. "Sema macho," angeamuru, nami ningeanza: mwendo, njia, kimo, njia, mwendo, pembeni kushoto, njia, pembeni kulia, mwisho wa njia. Abiria wa kiti cha mbele walidhani tunasali, na wengine walijiunga kwa kuinamisha vichwa.

Siku hizi nasoma kwamba vyuo vikubwa vinawavika marubani miwani yenye kamera ndogo, ili kujua jicho limetua wapi na limekaa kwa muda gani. Wameona kwamba wageni wa kazi hukodoa mahali pamoja, na wazoefu hupitapita kwa haraka. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu hadi mjukuu akaja kuniangalia. Sisi tulikuwa na kioo cha kunyolea.

Asubuhi ya siku ile Grisi alikuwa amesafisha vioo vya mbele, na kitambaa chake kikakigeuza kile kioo kidogo cha kunyolea. Nilipoketi sikuuona uso wangu. Niliuona wa kapteni.

Nilinyamaza nikisubiri. Mtu anayejua kwamba kalamu yake imehamishwa upande wa pili wa meza hawezi kukosa kuona kioo kilichogeuka mbele ya pua yake. Kungekuwa na hotuba. Grisi angeitwa na kitambaa chake, na mimi ningepata la kumsimulia mke wangu jioni.

Hotuba haikuja. Tuliwasha injini, tukaruka, tukapita juu ya vilima, na kioo kikaendelea kumtazama yeye.

Nyuma tulikuwa na abiria wachache: muuguzi aliyepakata kasha la chanjo, mwalimu mkuu wa shule fulani, mama mmoja aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, na mfanyabiashara wa kuku pamoja na maboksi ya vifaranga wake. Hewa ilikuwa safi. Kapteni ndiye aliyekuwa anaendesha. Tulipoanza kushuka nikakitazama kioo kwa kuibia. Nilitaka kuona, kwa mara ya kwanza, jinsi macho ya bingwa yanavyotembea. Mwanafunzi gani asingetaka?

Hayakutembea.

Yalikuwa yamesimama mbele, wazi, kama ya mtu anayepenyeza uzi kwenye tundu la sindano. Alipohitaji kuujua mwendo aligeuza kichwa kizima. Kisha kichwa kikarudi mbele polepole, kikasogea kushoto, kikasogea kulia, kikaitafuta njia mpaka kikaipata. Nyuki wangu alikuwa amenasa kwenye asali.

Nikajiambia ni shingo. Nikajiambia ni uchovu. Halafu nikaliona trekta. Lilikuwa linatoka kwenye nyasi ndefu, upande wake, kushoto, likielekea njia. Uwanja ule haukuwa na mnara wa kuongozea ndege, ila mlinzi mwenye redio, na redio ilikuwa kimya. Nilisubiri kapteni aseme. Ulikuwa upande wake, na siku zote aliona kabla yangu. Trekta likafika ukingoni. Yeye akaendelea kushuka.

"Baba," nilisema, na neno hilo lilinitoka kabla sijalichuja, "trekta."

"Wapi?"

Lilikuwa kubwa kama nyumba, jekundu, na dereva wake alikuwa ameziba masikio kwa vile vifuniko vya kuzuia kelele. Naye mtu aliyenifundisha kwamba pembe za jicho ndizo zinazotua ndege alikuwa ananiuliza wapi.

Ndipo nilipoweka mkono juu ya mkono wake. Ndipo niliposema "Yangu," naye asijibu. Nikasema tena, na mara ya pili haikuwa sauti ya mkwe. "Yangu, Kapteni! Achia!"

Sikusikia "Yako." Nilichokipata ni mkono wenyewe. Ulilegea chini ya wangu, kidole baada ya kidole, kama wa mtu anayeachia kamba ya ng'ombe aliyeuzwa. Vishikio vikaenda mbele, injini zikanguruma, pua ikainuka, na trekta likapita chini yetu kwa karibu kiasi cha kuona kofia ya dereva ikipeperuka. Vifaranga walinyamaza wote kwa pamoja.

Baada ya kitambo sauti ya mfanyabiashara ikaja kutoka nyuma ya pazia. "Kapteni, kuna kitu tumesahau nyumbani?"

"Wewe baba wa kuku, hebu waache watu wafanye kazi," yule mama akamkemea.

"Mama, mimi nauliza tu. Hawa watoto wangu hawajazoea."

Walicheka, kicheko cha watu ambao bado wameshikilia viti. Kapteni akavuta pumzi, akaongea kwa sauti yake ya kila siku, nzito na tulivu. "Trekta njiani, mabibi na mabwana. Tunazunguka, tunarudi." Nikawasikia wakitulia, mmoja mmoja. Nikawaza: kumbe kwa muda huu wote tumekuwa tunasafiri juu ya sauti hii.

Katika nyumba, mambo yakikuzidi, unaweza kutoka ukasimama uani. Ndege haina uani. Nilikuwa nimeshika usukani, mikanda imenibana kifua, bega langu likikaribia bega la mtu ambaye sikujua nimwite nani, Baba au Kapteni, na huko chini palikuwa na ardhi ambayo lazima niirudie mimi, naye akiwa ameketi papo hapo, mikono magotini, akisikiliza kila kosa langu. Sikuweza kusema ninachokijua. Sikuweza kujifanya sikijui. Tuligeuka, tukaielekea njia tena.

"Sema macho," akasema, bila kugeuza kichwa.

"Mwendo. Njia. Kimo. Njia."

"Pembeni?"

"Kushoto ni safi. Trekta limesimama kwenye nyasi. Dereva ameshuka, amejishika kichwa."

"Hilo la kichwa halituhusu. Endelea."

"Mwendo. Njia. Kulia ni safi. Mwendo. Njia."

"Umefika kizingiti cha njia?"

"Nakivuka."

"Basi achana na vyote. Mwisho wa njia."

"Mwisho wa njia, Kapteni."

Hapo sauti yake ikapungua, kama ya mtu anayeuliza habari za mgonjwa. "Pembe zinasemaje?"

"Nyasi zinapanda," nilisema. "Pande zote mbili. Kama maji. Zimefika kiunoni."

"Ngoja."

"Kifuani."

"Ngoja, mwanangu."

"Mabegani."

"Sasa."

Nikavuta usukani kwangu, na magurudumu yakagusa kwa ulaini ambao sikuwahi kuupata kabla ya siku ile. Nyuma walipiga makofi. Kwao tulikuwa mwalimu na mwanafunzi wake.

Injini zilipozima na abiria wakashuka ("Leo tumetua mara mbili kwa nauli moja!" alisema baba wa kuku, akiwainua watoto wake), sisi tulibaki tumeketi. Chuma kilikuwa kinapoa, kikitoa mlio wa tik, tik. Joto likaanza kujaa ndani. Hakuna aliyefungua mlango wake.

"Tangu lini, Baba?"

"Mwaka jana, kabla ya mvua." Alikuwa anatazama mbele. "Ni kama kutazama kwa bomba. Katikati ni kuzuri, naweza kukusomea maandishi ya ukuta ule. Ila bomba linazidi kuwa jembamba."

"Na daktari wa kampuni?"

"Daktari ananionyesha herufi. Herufi ziko katikati." Akatabasamu bila furaha. "Wewe uliona nini?"

"Kioo, Baba. Kimegeuka tangu asubuhi."

Alinyoosha mkono. Ulikosa mara ya kwanza. Ukapapasa nguzo, ukashuka, ukakipata kioo, na vidole vyake vikauzunguka ukingo wote taratibu. Nadhani hapo ndipo alipoona, kwa vidole, kile ambacho macho yake yalikuwa yamemficha.

"Siruki tena," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kulipigania hilo. Nilikuwa nimepanga maneno, kuanzia ya heshima hadi ya vitisho, na yeye akaninyang'anya yote.

"Nitamwambia mwenye kampuni ni mgongo. Na wewe hutamwambia mtu."

"Kazini sitasema."

"Wala nyumbani."

"Baba, yule ni mke wangu."

"Alikuwa mwanangu kwanza." Akaondoa mkono kwenye kioo. "Mama yake alipotuacha, nilimshika mkono huyu mtoto kumvusha barabara kila asubuhi. Sitaki anishike mimi kunivusha mlango. Siku ikifika, imefika. Lakini isifike kwa mdomo wako."

Nikampa neno langu. Mtu wa darasa la jioni hakurithi vitu vingi, lakini neno lake ni lake. Sikujua kwamba nimejifungia mlango kwa ndani na kumkabidhi yeye ufunguo.

Pazia letu, siku ile, halikuwa limefungwa vizuri. Mwalimu mkuu aliiona mikono. Naye, kama walimu wengi, alieleza vizuri alichokiona, na habari ikarudi mjini kwetu kabla mgongo wa mzee haujapata muda wa kuuma.

"Ni kweli ulimsukuma baba mkono?" mke wangu aliniuliza. Alikuwa anakunja nguo.

"Ni kweli."

"Ndani ya ndege. Mbele za watu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kulikuwa na trekta."

"Kwani baba yangu hajawahi kuona trekta?"

Alilikunja shati aliloshika mara moja zaidi ya lilivyohitaji, akaliweka juu ya jingine, akatoka.

Kampuni ikanihamishia kiti cha kushoto, cha kapteni. Grisi akanipongeza kwa namna yake: "Mahari umemaliza, Bwana Vitabu. Sasa naona unachukua na nyumba." Mke wangu hakunipongeza. Mpaka wakati huo naye alikuwa ananiita Bwana Vitabu, na kwake jina lile la kejeli lilikuwa limegeuka kuwa la mapenzi. Juma lile lile akaliacha. "Kapteni, chakula kiko mezani." "Kapteni, maji yako ya kuoga." Aliniita cheo nilichokisomea miaka yote ile, na kila mara kilinichoma kama mwiba wa samaki kooni.

Tulikula watatu. Mzee alikuwa anaupeleka mkono wake kwenye ukingo wa meza, anauteleza hadi kona ya kulia, anauinua kidogo, na kikombe kilikuwa pale, mshikio ukimwelekea. Wageni walioketi nasi waliona mzee mwenye mambo yake. Tulikuwa tumeuzoea ukali ule, ndiyo maana hakuna aliyegundua lini uligeuka kuwa fimbo ya kutembelea. Viatu mahali pake. Kiti mahali pake. Mlango ama wazi kabisa ama umefungwa kabisa. Binti yake alivipanga vyote kwa upendo, na kwa upendo huohuo akanipa mimi mgongo.

Nilikuwa ukuta kati ya watu wawili wanaopendana, na ukuta hauna pa kwenda.

Kuna siku nilikaa mezani peke yangu, chai ya mzee ikiwa imekwisha wekwa, yeye akija kwa hatua zake za kupima. Nikakitazama kile kikombe. Ingetosha kukisogeza upana wa kiganja. Nisingekuwa nimesema neno kwa mtu. Meza ingesema. Mkono ungefika kona, usikute kitu, na mke wangu angekuwa amesimama mlangoni na mkate.

Sikukisogeza. Yapo mengi maishani ambayo sijisifii. Hilo najisifia.

Yalipita majira mazima. Mvua zikaja, zikaondoka. Nyumba yetu ilikuwa karibu na uzio wa uwanja, na mzee alizoea kuketi alasiri kwenye benchi la uani, stuli ndogo kuume kwake kwa ajili ya kikombe, akisikiliza ndege zikishuka. Siku moja nisiyokuwa na safari nilikaa naye. Ndege ndogo ya chuo ilikuwa inakuja, injini ikipanda sauti na kushuka.

"Mwanagenzi," mzee akasema. "Anaongeza, anapunguza, anaongeza. Amekwama kwenye mwendo."

"Anauposa," nikasema.

Alicheka. Sikuwa nimekisikia kicheko kile tangu siku ya trekta. Kisha akaweka mikono magotini.

"Sema macho."

"Pua iko juu," nilisema. "Ameishusha. Ameishusha mno. Sasa sawa. Anapita juu ya uzio. Anavuka kizingiti."

"Pembe?"

"Nyasi zinampandia, Baba. Kiunoni."

"Ngoja," mzee alimwambia rubani asiyeweza kumsikia.

"Kifuani."

"Ngoja, ngoja."

"Amegusa. Ameruka. Amegusa tena."

"Sote tuliruka," akasema, kwa upole.

Nilipogeuka mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Sijui alikuwa pale tangu lini. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama baba yake, ambaye uso wake ulikuwa bado umeelekea ukutani, kwenye shuka zilizoanikwa, huku ndege ikiwa imekwisha kimbia hadi mwisho wa njia, upande wa pili kabisa. Macho ya mke wangu yakatoka usoni kwa baba, yakaenda kwenye shuka, kwenye njia ya ndege, kwenye stuli, kwenye mkono wa mzee uliokuwa umeanza safari yake ukingoni mwa benchi. Yakaja kwangu. Yakarudi kwenye mkono. Nimewafundisha marubani wengi baada ya hapo, na bado sijaona macho yaliyotembea vile.

Alikuja akaweka sinia chini, akachukua kikombe cha baba yake. Hakukiweka kwenye stuli. Aliupokea ule mkono katikati ya njia, akakiweka kikombe ndani yake, mshikio ukimwelekea, akavifunga vidole vya mzee kimoja kimoja, na vya kwake vikabaki juu.

"Kina moto," akasema.

Shuka zikapigwa na upepo. Nilimwona mzee akitaka kuuondoa mkono, kisha nikamwona akiacha kutaka.

"Nimesikia, mama," akasema.

Walikaa hivyo kwa muda. Mimi nilitazama uzio. Mke wangu aliposimama kurudi ndani alipita karibu yangu, akaongea bila kunitazama.

"Chako kiko kwenye sinia, Bwana Vitabu."

Nilikichukua, nikanywa. Hakikuwa na sukari. Kilimiminwa nikiwa bado Kapteni; nilikimaliza chote.